Bati la Mwanga kwa Chumba cha Eda

Dada yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku Uingereza. Wewe na wanao mu wazima? Mimi nala, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza moyo, umekufa ganzi. Tangu uliponipigia simu kwamba baba ameshazikwa, chozi halijanitoka.

Umeniandikia kwamba mama anakaa eda katika chumba cha ndani, kiza mchana kutwa, na kofia anazoshona zimelala kwa kuwa haoni tundu la sindano. Wewe wataka kutoboa dirisha, na Ami, nduguye baba, amekataa: "Mwanamke wa eda hafunguliwi dirisha la njiani!" Sasa mwanitaka mimi niamue, kwa kuwa nasomesha mambo ya mwanga. Mganga hajigangi, lakini nimejaribu.

Huku nawafundisha wanafunzi wa usanifu majengo kupima mwanga wa jua kwa kompyuta. Unachora nyumba kwenye kioo, unaandika mahali na mwezi, nayo inakuonyesha jua litaingia wapi na kiza kitabaki wapi. Basi nikaichora nyumba yetu ya Jomvu Kuu mbele ya darasa, bila ya kusema ni ya nani. Dirisha nikalitia ukuta wa kusini, upande wa ua, ambako Ami hatakuwa na neno. Jua halikuingia hata chembe. Nikaanza kuilaumu mashine. Msichana mmoja mbishi akasema, "Mwalimu, huko mwezi huu jua linapita kaskazini."

Wallahi, nilisimama kama mlingoti. Huku jua liko kusini mwaka mzima, nami nimelizoea hilo. Mtoto wa Jomvu naambiwa jua la kwetu linapita wapi na mtu asiyepata kufika! Walicheka, nami nikacheka, ila sikuhisi kitu.

Kaskazini ndiko njiani, basi achaneni na dirisha. Juu ya chumba cha mama toeni bati moja, muweke la plastiki linalopitisha mwanga, kama yale ya maghala ya Changamwe. Jua la kwetu hupita utosini, na hakuna mpita njia atakayemwona. Moja tu, mawili yatamchoma. Fundi akiwa juu ya paa, mama ahamie chumbani kwako.

Huwa tunatia vijisanamu vya watu kwenye mchoro ili ukubwa wa chumba uonekane. Msichana yule akaniuliza, "Hapa hulala wangapi?" Nikajibu, "Wawili, mzee na mkewe." Akawaweka wawili. Darasa lilipotoka nilikaa nimwondoe mmoja, kidole kiko juu ya kitufe, nikashindwa. Ndio mchoro huo niliokutilia ndani ya bahasha. Mpe fundi, mama asiuone.

Nisalimie Ami. Najua asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwa bati hili namwomba anisikilize. Nisalimie shemeji, mumeo, aliyemwosha baba mahali pangu. Kila nikitaka kumwandikia, sijui nianze vipi.

Nibusie mikono ya mama. Akiuliza kama nimemlilia baba, mwambie nimelia sana.

Ni mimi nduguyo,
Athumani