Maneno ya Daktari Niliyoyabakisha

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Siku ile hospitali, nilipokufasiria maneno ya daktari, mengine niliyabakisha.

Saratani ilikuwa imeziba koo, hata maji ulimeza kwa taabu. Daktari akatuonyesha mrija mfupi, mdomo wake mpana kama wa faneli. Alisema atausukuma hadi penye uvimbe, na uzi wa hariri utatoka kinywani ufungwe sikioni, mrija usije ukazama. Nawe, mdarizi wa kanzu, ungenyamazaje? "Mwambie hariri yake mbovu. Naaje dukani kwangu Ndia Kuu nimpe uzi wa haki." Nilipomfasiria alicheka. Kisha akasema mrija hauponyi. Utakula, lakini ugonjwa utaendelea, na siku zako si nyingi.

Nikakwambia: "Anasema utakula, Baba."

Na kweli ulikula. Uji wa mchele, maziwa, mchuzi wa samaki uliochujwa kwa kitambaa. Mama alikaa akikutazama ukimaliza bakuli kama anayetazama harusi. Mrija siujutii hata kidogo.

Ninalojutia ni Shangazi. Hamkusemezana tangu matanga ya Bibi, na kila Ijumaa ulisema: "Nikipata nguvu ntakwenda mwenyewe kumtaka radhi. Sitaki anione na uzi sikioni." Ulikuwa ukingoja kupona, Baba. Ungaliyajua yale niliyoyabakisha, ungalimwita siku ile ile. Umekufa ukingoja. Shangazi alikaa matangani siku tatu, hakuinua uso.

Skulini mwalimu hunisifu kwa kufasiri. Mimi najua nilivyofasiri siku ile. Niliona haya kukwambia, nikaiita haya yangu huruma.

Sasa sioni haya. Radhi hukuweza kuitaka, nitakutakia mimi. Na neno la mtu nikikabidhiwa tena, nitalifikisha lote, hata likiniunguza ulimi. Lala salama, Baba yangu. Mungu akupe nafasi kaburini.

Nilipofika hapa niliweka kalamu, nikaenda kwa Shangazi. Nilimweleza yote, ya daktari na ya kila Ijumaa. Alilia sana. Akasema: "Nimemuwia radhi ndugu yangu, duniani na akhera." Alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda pamoja kumwambia Mama.