Rakaa Mbili za Nizwa

Jumapili, 11 Oktoba 1998

Assalaam alaykum, nafsi yangu. Hujambo? Magoti yameamkaje? Na usingizi, umeupata? Nakuuliza mie kwa sababu humu ndani wote wema, lakini wote wana haraka, na salamu zao huishia mlangoni. Mie sijambo, alhamdulillahi. Goti la kushoto hunisumbua kwenye ngazi tu.

Daftari hili kaniletea mwanangu Yazeed kutoka ofisini kwake. Kaniambia, "Mama, andika andika, usikae ukitazama ukuta." Basi naandika. Nilisoma mpaka standadi ya sita, mwandiko wangu si mbaya.

Leo nna habari. Bimdogo kapiga simu! Bimdogo alikuwa monita wetu skuli, Unguja. Kumbe yupo hapa hapa Nizwa, nyumba yake upande wa Firq, na mie mwaka mzima nipo hapa sijui. Anasema wanafunzi wa zamani wa skuli yetu walioko Omani hutoka pamoja kila mwaka joto likishavunjika, kuwakaribisha waliofika karibuni. Mara hii wanakwenda Ibra. Wa Maskati, wa Sur na sisi wa huku Dakhiliya, wote tukutane hapo. Alhamisi ya wiki ijayo.

Nikamwambia, mie skuli sikumaliza, Bimdogo.

"Nani kakuuliza cheti, Azza? Ulikaa dawati la nyuma yangu ukinivuta nywele. Utakuja."

Nikacheka. Nikashtuka mwenyewe. Nilikuwa nishaisahau sauti yangu ya kucheka.

Jumatano, 14 Oktoba

Siku ndefu. Yazeed kazini. Tahani, mkewe, kaenda kwao kumtazama mama yake, karudi adhuhuri. Tahani ni mtoto wa hapa Nizwa, Kiswahili hana. Mie Kiarabu changu ni cha msahafu. Tunasemezana kwa mikono na kwa kucheka kidogo. Ananiita khaloti, ndiyo heshima yao kwa mama wa mume. Mpole, haki yake nimpe.

Siku niliyofika alitoa nguo zake nusu ya kabati kuniachia nafasi, akatandika karatasi ya maua kwenye rafu. Ile karatasi bado mpya. Sanduku langu limesimama nyuma ya mlango, nachukua nguo humo na kurudisha humo. Hajaniuliza kwa nini.

Adhuhuri tulisali pamoja chumbani kwangu, kila mtu na sala yake. Mie nnasali mbili. Sijaifanya Nizwa kuwa watani wangu, yaani makazi ya kudumu, nimenuia kurudi, na asiyenuia kukaa ni msafiri hata mwaka ukampitia. Zile sala za rakaa nne nnazisali mbili. Ndivyo tulivyosomeshwa katika madhehebu yetu. Basi nishatoa salamu, nimekaa na tasbihi, na Tahani ndiyo kwanza anainuka kwenye ya tatu. Nasikia nguo yake ikipanda. Kila siku nasikia nguo ile.

Jumamosi, 17 Oktoba

Simu kutoka Unguja. Shemeji yangu Ghanim, mdogo wake marehemu mume wangu, Khalaf. Kauliza hali, kauliza goti, kauliza joto. Nikajua lipo jambo.

Binti yake anaolewa mwezi ujao. Wanataka nyumba ya kuanzia maisha, na nyumba yangu ya Kikwajuni imefungwa tu, popo wameingia darini. Hakunilazimisha. Kasema: "Ukirudi, nyumba yako, shemeji, na sisi tutakupokea. Ikiwa hurudi, basi waachie watoto waitie taa. Lakini nijue kabla ya mwisho wa mwezi, nisiwaweke watu."

Maneno ya haki. Ningependa aseme vibaya, nimkasirikie.

Khalaf yuko pale, makaburini Mwanakwerekwe. Nilipokuwa nikiondoka nilikwenda kumuaga. Nikamwambia nakwenda kumtazama mtoto, narudi. Sikumwambia lini. Lakini narudi nilisema.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimeoka vileja vya kupeleka Ibra. Bimdogo kapiga simu: mgeni haji na kitu, nikija navyo nitarudi navyo. Basi Yazeed kavila vyote mbele ya televisheni. Kasema, "Mama, kwa vileja hivi hatukuachi uende popote." Mdomo umejaa, hakuona uso wangu.

Buibui nimelipiga pasi mara mbili.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimechoka lakini nataka kuandika kabla sijalala, kesho nitaanza kujidanganya.

Basi lilitupitia baada ya alfajiri. Wanawake kumi na kitu, simjui hata mmoja ila Bimdogo. Kanenepa, miwani, sauti ile ile ya kuita majina asubuhi. Kanikumbatia mpaka miwani ikamtoka. Kaniweka karibu yake, kisha akaanza kugombana na dereva kuhusu njia, wakaendelea hivyo mpaka Sinaw. Mie nikatazama nje. Majabali, mchanga, mbuzi, majabali. Wenzangu nyuma wanazungumza watoto wao, wizara, bei ya tikiti. Kiswahili kitupu, Kiswahili cha kwetu khasa. Nilikuwa nakisikiliza kama mtu anayeoga.

Ibra tulishukia shambani kwa binamu yake Bimdogo. Mitende, mfereji wa falaji unapita, majamvi yametandikwa. Wa Maskati walikuwa wameshafika na masufuria yao, wa Sur wakaja na papa mkavu. Kelele, mabusu, "wewe si ndiye yule?" Mmoja kanikumbuka kwa kuwa nilianguka kwenye gwaride. Hilo tu alilokumbuka. Nikalipokea.

Adhuhuri ikaingia. Na hapa, nafsi yangu, nikwambie. Wote tumetoka mbali, wote wasafiri, ila mwenye shamba, naye kasali ndani kwake. Tukasimama safu mbili chini ya mitende. Rakaa mbili. Nikakaa, nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto — na wote wametoa. Hakuna nguo iliyopanda. Mwaka mzima nimekuwa wa kwanza kumaliza. Leo nilimaliza na watu. Machozi yakanitoka, nikajifanya najifuta jasho.

Kisha wali, kisha kahawa. Na kahawa yao ina mambo yake. Bimdogo ana kapu. Ndani yake vikombe vidogo vya kahawa, kila kimoja kimeandikwa jina chini kwa rangi ya kucha. Kila mmoja ana chake, kapu hukaa kwa Bimdogo mwaka mzima. Mgeni huitwa katikati akaulizwa jambo moja: umekuja au unapita? Akisema nimekuja, hupewa kikombe, jina linaandikwa pale pale, vigelegele. Anayepita hunywa kwa kikombe cha karatasi, maana kwake si hapa, hakuna haja ya kumwekea.

Tulikuwa wageni wawili. Kaanza Tamima, wa madarasa ya nyuma yetu, katokea Dubai na mumewe, sasa wanakaa Sur. "Umekuja au unapita?" Kasema, "Nimekuja, na friji nimekuja nayo." Wakacheka, vigelegele, rangi nyekundu, kikombe.

Kisha mie.

Ningesema neno moja tu likaisha. Walikuwa wameshakishika kikombe changu, kijichupa kimefunguliwa, harufu ile naisikia. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye sala muda si mrefu. Nitasemaje nimekuja, na nikirudi Nizwa usiku nisali isha mbili? Nikasema, "Mie napita."

"Tangu lini upo?" kauliza mmoja wa Maskati.

"Mwaka."

"Mwaka unapita? Hata maji ya falaji yanakushinda mwendo, bibi wee."

Kicheko. Si kicheko kibaya. Mie mwenyewe nilicheka. Lakini nikaanza kueleza — watani, nia, rakaa — na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazama majamvi. Watu wametoka kutembea, mie nawasomesha sala. Bimdogo akasema, "Basi jamani, mpeni cha karatasi, kahawa inapoa." Nikapewa. Kahawa ya moto, karatasi ikalainika vidoleni, nikainywa upesi nikaungua ulimi.

Baadaye kila mtu alikuwa anasuuza kikombe chake kwenye falaji. Wamechutama mstari mmoja, wanarushiana maji kama wapo bweni. Mie sikuwa na cha kusuuza. Nikakikunja changu nikakitia mkobani. Bado kimo humo.

Njiani wameimba. Nilijifanya nimelala.

Ijumaa, 23 Oktoba

Yazeed kauliza, ilikuwaje? Nikasema nzuri. Kasema, umeona sasa, una watu huku.

Isha jana nilisali mbili. Tahani nne.

Jumatatu, 26 Oktoba

Bimdogo kaja. Hakupiga simu, kabisha tu, na mkate wa ufuta kwenye kitambaa. Kakaa kitandani kwangu, akalitazama sanduku nyuma ya mlango, akalitazama kabati. Ana macho yule, hata skuli alijua nani kaficha embe.

Kasema, "Umenikasirikia."

Nikasema sikukasirika.

"Umekasirika. Ningekuwa wewe ningekasirika. Lakini mie sikubadilisha kawaida kwa ajili ya mtu, hata dada yangu alikunywa cha karatasi."

"Dada yako alipita kweli?"

"Alipita. Yuko Mombasa. Kila mwaka analalamika kwenye simu kuhusu kikombe."

Tukacheka. Kisha akaanza kuvunja mkate vipande vidogo, na wala haukuhitaji kuvunjwa. Kasema yeye alipokuja alisali mbili miaka. Mumewe kashanuia kukaa, kamwambia mke humfuata mumewe, na yeye anamfuata kwa ulimi tu, akiwa peke yake akipunguza. "Nikijua si sawa. Lakini nne zilikuwa hazinitoki, Azza. Nikiinuka kwenye ya tatu naona kama nimefunga mlango wa mama kule kwetu."

Nikamuuliza, ukafanyaje?

"Mume wangu akafa. Akazikwa hapa."

Mie nikafikiri: wangu yuko kule. Nadhani naye alifikiri hilo hilo, maana alisimama akatafuta viatu. Mlangoni kasema hanipi shauri, shauri hana. Lakini kile kikombe walichokishika siku ile hakukirudisha dukani. Kimo kapuni, hakina jina.

Kabla hajatoka Tahani kamletea kahawa, Bimdogo akamsemesha Kiarabu cha haraka, wakatazamana wakanitazama. Sikuuliza.

Jumatano, 28 Oktoba

Asubuhi, Yazeed keshatoka, Tahani kasimama mlangoni pangu na karatasi mkononi. Kanisomea, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Khaloti. Nguo. Weka. Nyumba yako." Mwandiko wa karatasi ile ni wa Bimdogo. Masikio yalimwiva. Nikamshika mkono. Akakimbilia jikoni, kuna kitu kinaungua.

Nimekaa na sanduku lile mchana mzima. Nimetoa kanga mbili nikaziweka kwenye rafu. Nikazirudisha. Nikatoa moja, ile ya samawati niliyovaa siku ya mwisho Kikwajuni, nikaiweka juu ya karatasi ya maua. Nikatoka, nikaenda kumsaidia Tahani kuchambua mchele. Niliporudi ilikuwepo. Sikuigusa.

Khalaf, nilikwambia narudi. Sikukwambia lini. Utanidai?

Magharibi Ghanim kapiga. Yazeed kapokea, kaziba simu kwa kiganja: "Mama, baba mdogo anataka jibu la nyumba." Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejizuia kuuliza zaidi. Nimemwona hivyo alipokuwa mdogo, nikifunga mzigo wa safari, hataki kusema mama usiende. Nikasema, mwambie apige baada ya isha, nitapokea mwenyewe.

Na isha ndiyo hii. Muadhini wa msikiti wa karibu kashamaliza, huyu wa mbali anamalizia. Nishatawadha, mikono bado mibichi, ndiyo maana wino umevuja hapa. Tahani katandika misala miwili, wangu na wake, kagusanisha ncha. Hajaanza. Amekaa ananingojea, anajifanya anapanga mtandio.

Siwezi kuingia kwenye sala nisiyojua ni ngapi. Nia hutangulia. Nimemuuliza Bimdogo, hana shauri. Ghanim ananiuliza mie. Yazeed haulizi. Aliyebaki ni wewe, nafsi yangu, uliyenisikiliza siku zote hizi bila ya kutia neno. Mbili au nne? Kanga moja ipo kabatini, sanduku liko wazi, simu itaita.

Tahani anainuka. Nijibu upesi, tafadhali. Nijibu sasa hivi.