Kisogo cha Mama

Jumatatu, 15 Mei
Tumerekodi somo la nne la Mama la mtandaoni. Simu juu ya birika, birika juu ya kamusi tatu. Mama kageukia ubao tena! Dakika kumi na moja za kisogo.
"Mama, geuka."
"Nikigeuka, nani ataandika?"
Miaka ishirini na sita ya kufundisha botania chuoni. Hajui kusema bila chaki.
Waliotazama masomo yote mpaka leo: mmoja. Ni mimi.

Jumatano, 17 Mei
Mkuu wa kitivo ametangaza: kufikia tarehe 25, nusu ya wanafunzi wawe wamemaliza kutazama. La sivyo kozi ya Mama itachukuliwa na video za kununua kutoka mji mkuu, Bishkek, zenye michoro inayocheza na muziki. "Nitabaki kuosha vioo vya maabara," kasema akicheka, anakata vitunguu. Vitunguu vingi kuliko supu ilivyohitaji.
Wanafunzi arobaini. Wawili nimewakuta dukani. Nilitaka kuwaomba watazame. Nikanunua kiberiti. Tuna viberiti tele.

Jumatatu, 22 Mei
Nimefanya. Shule nilisema tumbo linauma.
Neno la siri la kila mwanafunzi ni namba ya kitabu chake cha alama, na namba zote zimo kwenye daftari la Mama, kwa mwandiko wake mzuri. Nimeingia kama wao, kuanzia mwisho wa orodha kwenda juu. Video hairuki, lazima iishe. Madirisha sita ya kompyuta kwa mpigo, visogo sita vikieleza jinsi jani linavyopumua. Ishirini na wawili wamemaliza. Imekwisha!

Jumanne, 23 Mei
Mama kaja na keki. "Zuura, wananitazama! Na unajua nani yumo? Taalai!"
Taalai. Aliyepewa ruhusa mwanzoni mwa mwezi, akapanda malishoni na kondoo wa baba yake. Kule hakuna mtandao hata wa kunusa. Mji wetu wote wa Naryn unajua nani kapanda na lini. Mimi nilisoma namba tu!
Mama anaamini alipanda farasi mpaka kileleni kuutafuta mtandao. "Kwa ajili ya majani yangu!" Kamsimulia mkuu wa kitivo. Mkuu kafurahi, katuma mtu amlete Taalai aseme mbele ya wakaguzi wa kozi, Alhamisi.
Keki sikuionja.

Alhamisi, 25 Mei
Kikao cha wakaguzi ni saa nane. Taalai kafikia kwetu kwanza, uso umebabuka kwa jua, na mfuko wa maziwa makavu kwa ajili ya Mama. Mama kammiminia chai nusu kikombe, kama mgeni anayetakiwa akae.
"Kula, mwanangu, umekonda. Haya, ulipanda mlima gani?"
"Mlima gani, Mwalimu?"
"Wa mtandao, mjanja wewe!"
Kacheka, akidhani ni utani. "Mwalimu, simu yangu ilitumbukia mtoni wiki ya kwanza. Nimekuja kukuomba msamaha. Sijatazama hata moja."
Mama kaendelea kumimina. Hajawahi kumjazia mgeni kikombe. Kwetu, kumjazia ni kumwambia aondoke. Chai ikafika ukingoni, ikamwagika kwenye kitambaa. Macho yake yalikuwa kwangu.
Nimekimbilia chumbani. Saa saba na nusu.
Ananiita. Polepole, kama anavyoita majina darasani.
"Zuura, niletee daftari langu."
Ninalo hapa. Ninaandikia juu yake.