Jarida la Baba la Baiskeli za Milimani

Machynlleth, Wales
12 Oktoba

Kaka Idwal,

Huku mvua tu. Kanada mnaendeleaje?

Eti unauliza kwa nini tunalipia jarida la baiskeli za milimani wakati kila kitu kipo kwenye simu? Ungemwona Baba jana! Jarida limetoa picha ya ile njia ya baiskeli aliyoichimba na wenzake kwa koleo, kurasa mbili nzima. Akachukua penseli, akasahihisha ramani yao.

“Wajinga hawa! Kona hii inakata kushoto. Mererid, lete viatu nikawaonyeshe!”

Simu haijawahi kumtoa kitandani. Tuliishia getini, lakini alitembea.

Sikutaka kukuandikia hili: daktari anasema hatavuka Krismasi. Baba anajua. Leo asubuhi kalipia jarida kwa miaka miwili ijayo.

Mdogo wako,
Mererid