Faini ya Bei ya Jogoo

Kamuiri, Nyeri
10 Februari 1969

Kwa shemeji yangu Nderitu,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mimi na watoto hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini jua likitoka hunitangulia shambani. Natumaini wewe na Wachuka na watoto mko salama huko Kutus, na mashine zako za mbao zinanguruma.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu bado mnakicheka, ingawa niliolewa katika nyumba hii kabla ya Uhuru na nimemzika ndugu yako humu.

Tangu nichaguliwe kaunsila wa baraza la mji mwaka jana nimekaa na watu ambao zamani niliwaogopa. Siwaogopi tena. Mwenyekiti wetu, Bwana Moffat, husinzia na kofia kichwani, na akiamka huuliza kama chai imekuja. Nimewaambia mji wetu unakua na kila anayejenga duka huanza kwa kuangusha mti. Barabara ya soko imebaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Sheria tuliyo nayo iliandikwa na wazungu: ukikata mti mjini bila ruhusa unatozwa faini, na faini yenyewe siku hizi ni bei ya jogoo. Nataka tutunge sheria ndogo mpya yenye meno.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nasikia baraza lilikupa ule mteremko juu ya soko, wenye miti mikubwa ya miiri na mitarakwa, na kwamba unataka kujenga hoteli. Nyumba ya Mama iko chini yake. Mabanda ya wauza mboga yako chini yake. Nakuomba, jenga pale chini kwenye tambarare, karibu na barabara, uache miti ile isimame. Mama naye ameniambia niseme hivyo.

Wasalimu wote.

Ni mimi shemeji yako,
Karambu

---

Kutus
2 Machi 1969

Shemeji Mama Kihara,

Salamu sana. Sisi hapa ni wazima, kazi tu ndiyo nyingi. Mpe Mama pole ya kikohozi, nitamtumia blanketi na lori likija huko.

Barua yako nimesoma na nikacheka mpaka Wachuka akauliza ni nini. Ati miti. Watu walienda msituni wakapigwa na baridi na risasi ili tuishi kwa nyumba ya mawe, na sasa mwalimu kutoka Meru anataka kuturudisha chini ya majani. Nairobi wanajenga ghorofa juu ya ghorofa. Hakuna mgeni atalala hoteli yangu ili aangalie mutarakwa. Anataka kuona mlima, na miti yenu imesimama mbele ya mlima.

Ile sheria ya mzungu mimi naipenda. Nitakata, nitaenda kwa karani na jogoo yangu kwapani, nitalipa na nitaomba risiti. Hiyo ndiyo serikali nzuri.

Wewe soma na watoto darasani, hiyo kazi unaiweza. Mambo ya ploti waachie wanaume. Moffat ni rafiki yangu na ameniambia unawachosha.

Mimi shemeji yako,
Nderitu

---

Kamuiri
14 Aprili 1969

Kwa shemeji Nderitu,

Salamu. Tuko wazima. Blanketi lilifika na Mama amelipokea. Lakini lori hilohilo lilileta na wanaume wako wa kukata miti.

Ulichagua Jumapili ya Pasaka. Watu wote walikuwa kanisani. Tulikuwa katikati ya wimbo tukasikia mti wa kwanza ukianguka, na madirisha yakatetemeka. Pasta akaendelea kuimba kana kwamba ni radi. Tulipotoka, wanaume wako walikuwa wamefika nusu ya mteremko. Niliwaambia waache. Mkubwa wao akasema, "Mama, sisi tumetumwa. Kama una maneno, yapeleke Kutus." Jumatatu jioni hapakubaki mti mmoja.

Mama alipanda mpaka juu na fimbo yake. Alikaa juu ya kisiki kimoja, akashuka, na siku hiyo hakula.

Niliita kikao cha dharura. Bwana Moffat alisema, "Bibi, mwenye ploti amelipa faini. Unataka tumfunge?" Nikamwambia nataka faini iondolewe kabisa, kwa sababu haimzuii mtu mwenye pesa, inamwuzia ruhusa. Nikasema iandikwe hivi: mteremko ulionyolewa miti, mwenyewe aupande upya, na asijenge juu yake hata tofali moja mpaka miti isimame. Wakacheka. Mmoja akauliza kama nitawalisha watu majani. Tulipopiga kura, mkono wangu ulikuwa peke yake hewani, na sikuushusha haraka. Nilitaka waniangalie, na nami niwaangalie.

Zamani nilidhani wewe ni mtu mkaidi tu. Ukaidi ni kitu cha heshima. Mtu anayengoja mama yake apige magoti kanisani ndipo amkatie miti juu ya kichwa, hilo lina jina lingine, na kwetu Meru hatuliandiki kwa barua.

Karambu

---

Kutus
9 Mei 1969

Mama Kihara,

Salamu.

Hasira ni ya nini. Mbao imeuzwa vizuri. Msingi utachimbwa mwezi wa saba. Kwa sababu unapenda majani, nitakuwekea maua kwa mikebe pale mlangoni.

Mama atapata chumba kizuri nyuma ya hoteli, chenye umeme. Ile nyumba yake ya udongo inanitia aibu. Mwambie aanze kufunga vitu.

Na usiniandikie tena kama unataka kunitukana. Niko na kazi.

Nderitu

---

Kamuiri
6 Mei 1970

Kwa shemeji Nderitu,

Hukutaka nikuandikie, na mwaka mzima sikukuandikia. Leo inabidi.

Mama yuko hospitali Nyeri. Mguu umevunjika lakini daktari anasema atapona. Hilo nimelitanguliza ili usome mengine ukiwa umetulia, ingawa sijui kama unastahili kutulia.

Unajua mvua ya mwaka huu. Jumamosi, siku ya soko, ilikuwa imenyesha wiki nzima bila kupumzika. Msingi uliochimba pale juu ulijaa maji ukawa kama bwawa. Karibu na saa sita mchana tulisikia mlio kama lori linalomwaga mawe. Mteremko wote ulishuka. Udongo, visiki, mawe ya msingi wako, vyote pamoja. Ulipita jikoni kwa Mama ukalibeba jiko na mbuzi wake wawili, yeye akarushwa mpaka kwenye ua. Kisha ukaingia kwenye mabanda ya mboga.

Kagure alikuwa hapo. Unamkumbuka, aliuza sukuma wiki na karoti, na ulipokuwa mdogo mama yake alikuwa akikupa viazi vitamu. Wengine walikimbia. Yeye alirudi kuvuta mtoto wa mwenzake aliyelala juu ya gunia. Mtoto alirushwa nje akapona. Kagure tulimtoa jioni. Ameacha wasichana wanne.

Tulichimba kwa majembe na sufuria. Mume wake aliniuliza, "Mwalimu, hii ardhi ilikuwa ya nani?" Nikamwambia. Akaendelea kuchimba.

Mazishi ni Alhamisi. Mama anasema usije hospitali kabla hujaenda huko.

Karambu

---

Kutus
20 Agosti 1970

Shemeji yangu mpendwa Mama Kihara,

Salamu nyingi sana zikufikie wewe na watoto wote, Kihara na wadogo zake, na Mama yetu mpendwa. Sisi huku kwa neema ya Mungu hatujambo. Wachuka anakusalimu sana, anasema utembelee Kutus, kuna mchele mpya.

Mambo ya Mei yalituumiza sisi sote. Ilikuwa kazi ya Mungu, na hakuna mtu anaweza kushindana na mvua. Alhamisi ile lori liliharibika, ndiyo sababu hamkuniona. Nilituma gunia la unga.

Sasa shemeji, nimesikia ile sheria yako imepitishwa, na kwamba Moffat mwenyewe ndiye aliunga mkono. Hongera sana, nilijua una akili. Lakini karani ameniandikia ati siwezi kuendelea na hoteli mpaka mteremko upandwe miti na miti isimame. Mimi nilikata kabla ya sheria. Sheria haiangalii nyuma, hata wakili ameniambia. Niko na deni ya benki. Wewe ukisema neno moja kwa kikao watakusikia, siku hizi wanakuheshimu. Sisi ni watu wa nyumba moja.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Nderitu

---

Kamuiri
1 Septemba 1970

Kwa shemeji Nderitu,

Salamu zako zimefika, zote. Sijawahi kupata nyingi hivyo kutoka kwako. Mama anatembea kwa gongo.

Ni kweli sheria imepita. Wanaume walewale walioniuliza kama nitawalisha watu majani waliinua mikono yote miwili, na Bwana Moffat sasa anawaambia waandishi wa magazeti kwamba fikira hiyo ilimjia akiwa kitandani. Mwachie. Walihitaji maiti ndipo waelewe sentensi moja ya Kiswahili, na sikufurahi kushinda namna hiyo. Nilirudi nyumbani nikafua nguo.

Wakili wako amesema kweli, sheria haiangalii nyuma. Haikuadhibu kwa miti uliyoikata. Inakataza mtu yeyote kujenga juu ya mteremko ulio uchi, na wako ni uchi leo, asubuhi hii, ninauona dirishani. Neno moja unaloniomba sitalisema.

Mama amenituma hivi, na naandika kama alivyosema: "Mwambie aje mwenyewe. Asilete vibarua. Ashike jembe apande mti wa kwanza, wasichana wa Kagure wakimwona. Akifanya hivyo nitamwita mwanangu mbele za watu." Mvua ya Oktoba ndiyo ya kupanda. Mtu wa idara ya misitu ameahidi miche.

Tutakungoja.

Karambu

---

Kamuiri
12 Desemba 1970

Kwa shemeji Nderitu,

Tu wazima. Mvua ya Oktoba ilikuja na ikaisha. Mama alingoja kila Jumamosi akiwa amevaa kitambaa chake kizuri. Jumamosi ya mwisho alikivua, akachukua panga, akapanda kilimani na gongo lake pamoja na wale wasichana wanne. Nilibeba miche. Yeye alikaa chini akichimba mashimo kwa kuburura mwili kutoka shimo moja hadi lingine, na hakutaka asaidiwe.

Sikuandikii uje. Nakueleza tu yaliyotokea.

Karambu

---

Kutus
3 Juni 1974

Mheshimiwa shemeji Mama Kihara,

Salamu za heri. Ni miaka mingi hatujaandikiana, na tangu tumzike Mama mwaka juzi sijapata nafasi ya kukaa nawe. Siku ile ya mazishi gari lilikuwa linaningoja.

Nimeamua kurudi nyumbani kutumikia watu wangu. Nitasimama uchaguzi wa baraza, kiti cha Moffat, kwa maana yeye amezeeka. Watu siku hizi wanataka kiongozi wa mazingira mazuri. Nimechapisha picha, nakutumia moja. Niko pale juu ya ploti yangu na miti nyuma. Imetoka vizuri sana. Chini tumeandika: NDERITU, BABA WA MITI.

Ninaomba unisindikize kwa mkutano wa kwanza, Jumamosi ya wiki ijayo pale sokoni, useme maneno machache. Watu wanakuamini.

Ndugu yako katika maendeleo,
Nderitu

---

Kamuiri
7 Juni 1974

Kwa shemeji Nderitu,

Salamu. Sisi hatujambo.

Picha nimeiona. Mtarakwa uliouegemea kwa bega, Mama aliupanda akiwa amekaa matopeni na mguu ambao haukuunga sawasawa. Ule wa nyuma yako ni wa binti mkubwa wa Kagure. Mpiga picha wako alimwomba asogee ili asionekane, naye akasogea. Alikuja kuniambia hapa nyumbani, bila hasira, kama mtu anayesimulia habari ya mjinga aliyemwona njiani.

Nimekaa barazani miaka sita na watu wazembe na watu waoga. Moffat ni mzembe, lakini siku ya kuchimba alivua koti akachimba nasi mpaka jioni. Kura yangu ni yake, kofia na usingizi wake vyote.

Umeniomba niseme maneno machache. Nimekubali. Jumamosi nitakuja sokoni na picha hii mkononi, pamoja na wasichana wa Kagure, na nitawaeleza watu ni nani alipanda kila mti ulio ndani yake, kwa jina, kuanzia kushoto. Nikifika kwako nitanyamaza, na wewe utaendelea.

Mkutano ni saa nne. Usichelewe.

Karambu, mke wa ndugu yako