Alama ya Kusomwa

Jumanne, 5 Machi

Kikao tena. Chai imepoa mara mbili na bado tunazungumza. Jambo ni lilelile: watumiaji wanataka alama. Ukituma meseji, uone kama mwenzako ameisoma. Bosi kaja na rundo la maombi, kalibwaga mezani kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikasema hapana. Chumba kizima kikacheka. Si ndiyo kazi yangu? Bi Hapana! Walinipa jina hilo mwaka wa kwanza na halijabanduka. Wao wanabuni, mimi nalinda databesi, ghala la meseji zote, isizimie. Mwenye kitu kipya lazima apite kwangu, na sura yangu haikaribishi wageni.

Nimewaeleza polepole, kama kwa watoto. Leo mtu akifungua meseji, databesi inamwonyesha, basi. Kazi nyepesi. Alama ikiwepo, kila anayesoma lazima iandikwe kwamba kasoma: nani, ipi, lini. Kusoma kunageuka kuandika, na kuandika ndiko kunakoichosha mashine. Halafu programu yetu ni ya familia ambazo mtu wao yuko mbali. Madereva wa malori, manesi, mabaharia. Cha kwanza wanachotaka ni meseji ifike upesi. Sasa mnataka ifike, au mnataka alama?

"Vyote, dada!" Huyo ni Mapambo, anayetengeneza rangi na vitufe vya programu. Kicheko kingine.

Bosi hakucheka. Kasema watu wanatuhama, kila wiki wanatuhama, na wakiulizwa sababu wanataja alama. Amenipa yale maombi niyasome nyumbani. Nimeyabeba. Begi zito, miguu inauma, na nikifungua mlango hakuna hata wa kumlalamikia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma maombi nikiwa jikoni, nimesimama, sahani mkononi. Siku hizi nakula nimesimama. Kukaa mezani peke yangu naona kama nasubiri mtu.

Mengi ni kelele. Mmoja anataka kumbana mumewe. Mwingine ametishia kutushtaki. Lakini mama mmoja, mwanawe ni dereva wa lori, ameandika hivi: "Sitaki anijibu. Najua yuko njiani, amechoka. Nataka tu nijue kaona."

Nimeweka sahani chini.

Basi niandike, humu hamna wa kunicheka. Binti yangu hajanijibu tangu tuachane na baba yake. Alichagua upande, na upande haukuwa wangu. Akahama naye, halafu akapata kazi mbali zaidi, huko sijui hata nyumba yake ina mlango wa rangi gani. Hajanifungia nisimwandikie. Hilo ndilo ninalolishikilia. Namba ipo, picha ipo, amekata nywele. Namwandikia kila Jumapili kwenye programu hiihii yetu. Inaniambia "imefika". Imefika wapi? Kwenye simu. Kwa simu, ndiyo. Kwake sijui.

Na huko kutojua ndiko kunakonilaza. Labda haoni. Labda amezima milio, meseji zangu zimejirundika huko chini kama barua mlangoni kwa mtu aliyesafiri. Naweza kuishi na mtu asiyeona. Mtu anayeona kila Jumapili, akasoma, akaweka simu mfukoni, huyo sijui nitaishi naye vipi.

Alama itaniambia ni yupi.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwandikia. Nimemwambia bomba la bafuni limepasuka, fundi kaja, kalitengeneza, kisha kavunja kigae. Nikaongeza: usijali. Nikafuta usijali. Nani kasema anajali?

Imefika.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefanya majaribio siku nzima. Seva ya majaribio, watumiaji bandia, meseji bandia, alama zikimiminika. Bosi alitaka namba, si maneno yangu.

Nilitaka ifeli. Naandika hivyo hivyo: nilitaka ifeli vibaya, grafu ipande hadi juu, nimwite Bosi nimwonyeshe, niseme unaona? Haikufeli. Kila nikituma meseji mpya zikasomwa na alama ikaandikwa, mashine ilihema kidogo, ikaendelea. Inabeba. Nimeongeza mzigo. Ikabeba. Nikakaa naitazama kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake.

Jioni Bosi kaja mezani kwangu, kavuta kiti. Hakuniita Bi Hapana. "Dada, nikuulize. Unakataa kwa ajili ya mashine, au kuna kingine?"

Nikasema mashine.

Akanitazama. Nikatazama kibodi. Mwishowe nikasema sawa, tuwashe Jumamosi, ila swichi ya kuizima iwe kwangu. Meseji zikianza kuchelewa nazima, sisubiri kikao. Akakubali haraka mno. Nahisi alikuja na jibu hilo mfukoni.

Nimesema ndiyo. Ofisi nzima imepiga makofi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 13 Machi

Kazi. Mvua. Supu ya kopo. Hakuna jipya, na sijazungumza na mtu tangu saa za ofisi ziishe. Nimejisalimia kwenye kioo ili sauti isishike kutu.

Ijumaa, 15 Machi

Leo shetani kanikalia begani kutwa.

Naweza kufungua jedwali la watumiaji nikaona kama binti yangu huwa anaingia. Sekunde chache tu. Nina funguo zote. Ni marufuku, ningemfukuza mtu mwingine kwa hilo, na mkono wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Nikaurudisha. Halafu likanijia wazo baya zaidi: niweke amri ndogo ya siri, mazungumzo yetu sisi wawili yasipate alama. Mstari mmoja. Nani angejua? Wengine wote wajue kwao, mimi nibaki na labda yangu.

Sikuweka. Sijisifu. Mapambo alikuja tu wakati ule na kikombe chake.

Alikuwa na wasiwasi, maskini. Kasema, Dada nimekwisha, kesho mama atajua! Nikamuuliza, kwani humsomi? Akasema anamsoma, tena neno kwa neno. Ila mama anaandika kurasa nzima, na yeye hajui ajibu nini kinachotosha. Akisema "sawa mama" anaona ni tusi. Basi anaahirisha. Siku zinapita, na kadiri zinavyopita ndivyo jibu linavyotakiwa liwe refu zaidi, mpaka anaona haya hata kuanza.

Nikamwambia ajibu tu, hata neno moja. Nimemwambia kwa ukali uliomshtua. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema kichwa kinaniuma.

Nimelala na maneno yake. Yaani, nimelala nayo macho wazi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekuja na shajara kazini. Sijawahi. Naandika chini ya meza kama mwanafunzi.

Tumewasha asubuhi. Bosi kaleta keki. Saa ya kwanza, salama. Watu wanatuma, wanasoma, alama zinatokea, Mapambo anapiga kelele kila akiona nyingine kwenye simu yake. Mama yake kamtumia meseji: nimeona umesoma, mwanangu. Basi. Kaenda dirishani akakaa huko muda.

Yangu ya Jumapili, hakuna alama. "Imefika" tu. Nimetazama mara moja. Sawa, mara nyingi.

Baadaye

Grafu inapanda. Haipandi kama kwenye majaribio. Watumiaji ni walewale, meseji mpya ni zilezile, lakini alama zinazoandikwa ni mara kumi ya tulizohesabu. Nimedhani ni hitilafu. Nimechimba.

Si hitilafu. Watu wanasoma za zamani! Wanafungua mazungumzo, wanapanda juu, mwezi uliopita, mwaka juzi, na kila meseji ya zamani inayopita machoni inaandikiwa alama, maana haikuwa nayo. Sisi tulihesabu meseji mpya. Wahandisi wazima, tumekaa vikao chungu nzima, hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kurudia kusoma.

Na mimi! Mimi ninayepanda kwenye picha na maneno ya binti yangu kila siku iendayo kwa Mungu, ya tangu yuko shule, "mama njoo unichukue". Nimeshindwaje kulijua hilo? Nilidhani ni mimi peke yangu.

Baadaye tena

Meseji zimeanza kuchelewa. Dakika moja, sasa tatu. Mapambo anasema malalamiko yanaingia: nesi mmoja kauliza nyumbani kama homa ya mtoto wake imeshuka, hajui kama swali lake limekwenda. Hiki ndicho nilichokisema Jumanne ile ya kikao, na sina hata hamu ya kuwakumbusha.

Bosi, aliyeondoka baada ya keki, kapiga simu. Kasema zima. Nikamwambia kuna njia ya katikati, alama zibaki kwa meseji mpya tu, za zamani tuzifunge zisipate alama. Kasema chochote, dada, lakini sasa hivi. Nimeandaa amri. Iko kwenye skrini. Ni kubonyeza tu.

Simu yangu imewaka.

Yangu ya Jumapili, ya bomba. Imesomwa.

Nimehakiki tarehe: ni ileile.

Ameona. Nilingoja moyo uvunjike kama nilivyoupangia, haujapata nafasi, maana ya juu yake nayo imewaka. Ya Jumapili iliyotangulia. Imesomwa. Na ya juu yake. Anapanda. Jamani, anapanda! Ile ya kikohozi. Ile ya mwavuli niliosahau benki. Mtu anayepita tu hapandi hivi, anayepita anasoma ya mwisho akatoka. Na zamani alizisoma au hakuzisoma, alama haisemi. Inasema sasa hivi yupo, na mimi nipo.

Zinakuja kwa kujikokota, maana databesi iko hoi. Moja. Kimya. Moja.

Bosi kapiga tena. Nimesema dakika mbili. Mimi, Bi Hapana, nimeomba dakika mbili! Meseji za watu zinachelewa dakika sita. Mapambo amesimama nyuma yangu, anauliza, Dada, mbona hubonyezi? Nikibonyeza, za zamani zinafungwa. Yeye ataendelea kupanda kama anataka, ila mimi sitamwona tena.

Amefika juma lile alilohama. Nilimwandikia ndefu siku ile, ndefu kuliko zote, sijawahi kuirudia mwenyewe. Iliyo chini yake imewaka. Hiyo bado.

Bado.

Ama mashine imekwama, ama ndipo alipo, anaisoma. Ofisi nzima mimi ndiye wa kujua tofauti, na sijui.

Simu ya mezani inalia. Kidole kiko kwenye kitufe. Mapambo kasema, Dada, dakika nane sasa.

Ngoja. Ngoja kwanza amalize —