Chumba cha Hatua Kumi na Tano

3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na cherehani haijalala. Mimi sijambo, ila mgongo tu. Hapa hotelini tunatandika vitanda vya watu mpaka unasahau kama na wewe una chako.

Na ndiyo sababu naandika. Navipanga vyumba vya wageni nisiowajua, huku baba yangu analala kwenye chumba ambacho kitanda kimeziba dirisha na nguo zinaning'inia msumarini. Naona aibu. Tukipange upya: kitanda kihamie ukuta wa ndani, meza ndogo ikae kichwani, na seremala wa kona akutengenezee kabati. Wewe nipimie chumba tu. Futi si iko shingoni mwako saa zote?

Mwanao, Kidomo

19 Machi

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Niko salama, majirani wanakusalimu. Chumba nimekipima. Urefu hatua kumi na tano, upana hatua kumi na mbili. Mimi nimezoea kitanda kilipo, lakini mtaalamu ni wewe, siwezi kubishana. Kazi nimepunguza kidogo. Wateja wa siku hizi wana maneno mengi.

Baba yako

6 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mimi nimecheka mpaka basi. Fundi cherehani mzima anapima chumba kwa miguu! Na mwandiko huo, Baba, mistari inateremka mlima, herufi kubwa kama tangazo la mnada. Usije ukawa umeanza kunywa uzeeni. Niliwasomea wenzangu, tukacheka mpaka msimamizi akaja.

Wala sikujua kuwa tuna ukumbi humo ndani. Nilikuwa nakikumbuka kidogo, kumbe utoto ulinidanganya. Basi kabati litakuwa la milango mitatu, likae pembeni mwa mlango. Vipimo nimeshampelekea seremala, asikusumbue kupima tena.

Mwanao, Kidomo

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, isipokuwa bega. Kabati limefika, seremala na mwenzake wamelipitisha kwa mbinde. Ni zuri, linanukia mbao mpya. Mlango sasa unafunguka nusu na mtu anaingia kwa ubavu, lakini kwani mimi nina tumbo? Kitanda nacho wamekihamisha kama ulivyoagiza. Naendelea kuzoea. Usihangaike kuja kuona, njia ni ndefu, ngoja mwisho wa mwaka.

Baba yako

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Leo hata salamu inanikwama.

Jumapili iliyopita nilikuja. Nilipata ruhusa ya siku moja, nikasema nikakushtukize. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikakuona unatoka chumbani, mkono unapapasa kabati, unaburuta mguu mbele ya mguu, kisigino kinagusa vidole. Hapo ndipo nilipozielewa zile hatua zako. Ukajigonga bega kwenye pembe ya kabati wala hukushtuka, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Halafu ukanitazama usoni kabisa, ukauliza, "Nani hapo?"

Nilirudi kinyumenyume nikaondoka. Niliona haya, Baba. Nilikumbuka nilivyowasomea watu barua yako ili wacheke. Nimemjazia mbao chumbani mtu asiyeona, kisha nikamkimbia. Tangu nirudi sijatandika shuka likanyooka. Nitamwambia seremala alitoe kabati na akirudishe kitanda dirishani. Nisamehe.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Mimi mzima, ukiacha hayo uliyoyaona.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama yako, Mungu amrehemu, alinizalia mmoja mwenye mdomo. Hawa wawili wamekuja wenyewe na hawasemi kitu. Anasema wanatolewa. Nilikuwa sitaki kwenda, na si kwa woga. Kwenda ni kukiri mbele ya mtaa mzima. Jirani yetu mwalimu nilimshonea suruali mguu mmoja mfupi, akaivaa hivyo hivyo ili asiniumize, na hilo liliniuma kuliko angenigombeza. Namba za futi sizioni tena, nikaitupa chini ya godoro. Kwako ningesema nini? Nikapima kwa miguu.

Barua zako ananisomea mwalimu huyo huyo. Ile ya mwandiko alipofika katikati akaanza kukohoa, nikamwambia asome tu. Hii ya juzi aliisoma yote, akaiweka mezani, akaenda bila kuaga.

Lakini nilijua ni wewe. Nilikusikia unavua viatu mlangoni, kisha nikakusikia unavivaa tena. Mgeni angejibu. Ningeweza kukuita jina lako ukageuka, nami nikanyamaza, maana sikutaka ujue kuwa nimejua. Nilibaki nimelishika kabati mpaka hatua zako zikaisha barabarani. Kwa hiyo usiibebe aibu hiyo peke yako.

Seremala mwache. Utakuja mwenyewe, tutapanga pamoja, na kabati likishindikana litakaa sebuleni. Mwalimu amekubali kunipeleka hospitali, ila ningependa zaidi kushikwa mkono na wewe. Sijui siku utakayofika macho yatakuwaje. Nikiuliza ni nani, sema ni mimi.

Baba yako